Nilizifuta Omu Hamsini za Binti Yangu

Mpendwa mshauri, nina miaka sabini na minne, nimezika redio za betri nane, televisheni za mgongo na madaktari wawili walionipa miezi sita, naomba msaada wako na usinicheke, maana shule niliishia darasa la nne lakini hakuna redio iliyoingia kwangu bubu ikatoka bubu.

Binti yangu, kitinda mimba, ndiye aliyesoma, tunafanya kazi meza moja. Mwaka huu amebuni bodi ya saketi ya kifaa cha mgonjwa kumwita muuguzi akiwa nyumbani, kazi yake ya kwanza peke yake, na kwa kuwa karakana ni yangu, mimi ndiye ninayeandikiana na kiwanda kinachotutengenezea bodi, kwa kidole kimoja lakini naandika. Basi kwenye maelezo aliandika kwamba ile njia ya shaba inayokwenda kwenye antena iwe omu hamsini, kile kipimo cha ukinzani wa umeme. Nikashangaa, nikachukua mita yangu, nikapima njia kama hiyo kwenye bodi nyingine, sifuri, nikapima tena, sifuri, nikajua mtoto kateleza, shaba na omu hamsini wapi na wapi! Nikasema wale wa kiwandani wasije wakamcheka mwanangu, nikaufuta ule mstari kimyakimya. Kiwanda wakauliza, "Mzee, bodi hii ni ya mawimbi, hakuna njia inayotaka omu maalumu?" Nikajibu, "Tengenezeni kama kawaida, mimi nilikuwa fundi ninyi hamjazaliwa."

Bodi zimekuja zinang'aa, lakini kifaa hakiiti hata kutoka chumba cha pili. Wiki tatu binti anarudia hesabu zake. Nikamuuliza kijanja, "Hiyo hamsini mbona mita haioni?" Akacheka kwa huzuni. "Baba, mita yako haiwezi. Hii ni ya mawimbi yanapopita, inatokana na upana wa njia na unene wa ubao chini yake. Niliwaandikia, wao wamefuata, kwa hiyo kosa ni langu."

Jana ameanza kufunga vyombo vyake, anakwenda kuuza simu dukani. Mshauri, nilifungua mdomo kikatoka kikohozi. Hajawahi kuniona nimekosea, nitaanzaje uzeeni? Mama yake kaniambia, "Utamwambia wewe, au nimwambie mimi?" Huyo ndiye shahidi wangu, alikuwa pembeni anamenya vitunguu nilipofuta, na karani wa kiwanda anayo barua yangu mpaka leo, waulize kama nimetia chumvi.

Fundi Mkongwe

JIBU

Mzee wangu, shikamoo. Umenigusa moyo, na umeniudhi. Ulitaka kumfunika mwanao aibu, ukamvika yako.

Kutojua si kosa. Kosa ni kufuta usichokielewa, na mwenye kukiandika amekaa umbali wa mkono wako! Kiwanda nao wakakuuliza kwa adabu, ukawajibu kwa umri. Umri haujibu swali la kiwanda, baba.

Leo hii, kabla hajafunga kisanduku cha mwisho, mwambie: "Mwanangu, hesabu zako zilikuwa sawa. Mimi niliufuta mstari wako." Ishia hapo. Usianze na redio za betri nane. Akikasirika, nyamaza. Akilia, mpe kitambaa, usimpe sababu.

Akitulia, mwombe aandike upya maagizo, nawe ukae akusomee. Aseme ni njia ipi, iko tabaka gani la bodi, omu hamsini, na tofauti isiyozidi asilimia kumi. Ubao uwe wa aina gani na unene gani. Kiwanda kikitaka kupanua au kupunguza njia ili omu zitimie, kiulize kwanza. Na kilete pamoja na bodi kipande cha majaribio chenye vipimo vyake, msibaki kubahatisha. Maswali yao yote yajibiwe na yeye, kwa jina lake. Wewe kidole chako kipumzike.

Unaogopa atakudharau. Mtoto anayesema "kosa ni langu" bila kumlaumu mtu hakulelewa na mpumbavu. Anaacha ufundi kwa kosa moja kwa sababu maisha yake yote hajawahi kumwona fundi akikosea, kisha kesho yake akafungua karakana. Mwonyeshe.