Mtani Alipokuja Kuizika Meli ya Baba

Mazingara, Jumapili. Wingu limetanda tangu asubuhi na mvua hainyeshi. Nimechoka, ila ni uchovu wa mtu aliyeshusha mzigo.

Alhamisi tulikuwa tunapukuchua mahindi, simu ya baba ikaita. Alikuwa mwenzake wa zamani jeshini. Baba alisikiliza kidogo tu, akanikabidhi simu, akaingia ndani.

Meli yao imezama.

Jina lake silitaji, hayo ni mambo ya jeshi. Ilikuwa meli ya kushusha askari na magari mahali pasipo na bandari. Inasogea mpaka tumbo liguse mchanga, mlango wa mbele unalala chini, magari yanatoka yenyewe. Kuutunza mlango huo ndiyo ilikuwa kazi ya baba mpaka alipostaafu. Mzigua, mtoto wa wakulima, ambaye bahari aliiona akiwa mtu mzima!

Vita haikupigana hata siku moja, na baba anajivunia hilo. Ilipeleka unga kwenye vijiji vya pwani vilivyokatwa na mafuriko. Mama mmoja alijifungulia humo, katikati ya magunia. Marehemu mama yangu alikuwa akimwuliza baba kila akija likizo kama mke mwenzake hajambo.

Naipenda meli ile, na sijawahi hata kuikanyaga.

Basi tangu Alhamisi baba hali chakula. Ana kisukari, na dawa zake hazitaki tumbo tupu. Kaka yangu akatoa amri kwamba asitajiwe meli mpaka apoe. Tukatii wote. Tuliongea mbuzi, tuliongea mvua, uji ukaja na uji ukarudi jikoni. Jana mikono yake ilianza kutetemeka, nikaogopa kweli kwamba tutampoteza.

Leo amekuja Mzee Maganga kutoka Mazinde. Ni Mnyamwezi, baba yake aliletwa huku na kazi ya mashamba ya mkonge, naye ni mtani wetu. Kwenye misiba yetu yeye ndiye humwigiza marehemu mpaka wafiwa wacheke. Nilimpa shikamoo, nikamnong'oneza asiguse kabisa habari ya meli. Akaitikia marahaba, akaenda moja kwa moja kujilaza katikati ya ua, chali, mdomo wazi.

"Haya, mimi ndiyo meli yenu! Mlango huu hapa, pakieni ugali!"

Kaka aliinuka amtoe. Lakini baba alishatoka nje, ananyoosha kidole.

"We Maganga, huna akili. Mlango ule ulikuwa unashuka taratibu, kama mtu anayelaza mtoto."

"Nazama, Mzigua! Nazama na vijana wako wote!"

Uso wa baba ukabadilika. Akanigeukia mimi.

"Vijana walikuwa ndani?"

Kumbe mwisho wa simu ile hakuusikia, niliusikia mimi. Siku zote hizi alikuwa anawazika moyoni vijana aliowafundisha kwa mkono wake, anaogopa kuuliza, na sisi kwa huruma yetu tumefunga midomo.

"Walitoka wote, baba. Injini ilishika moto wakiwa mbali na pwani, lakini meli haikuzama haraka. Ilielea mpaka wa mwisho akaingia kwenye boti."

"Wote?"

"Wote, baba."

Aliketi pale pale chini kando ya Maganga, akalia kwa sauti. Sijawahi kumsikia baba akilia, hata mama alipofariki. Maganga aliacha mzaha, akamshika bega.

Alipotulia, akajifuta uso kwa shati lake.

"Meli yangu imewashusha wote," alisema. "Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake."

Kisha akauliza tumepika nini.

Sasa amelala, ameshiba. Kesho nitakaa naye anisimulie meli ile tangu siku ya kwanza alipoikanyaga, na nitauliza kila kitu, hata vile vinavyouma.