Maziwa Yaliyoficha Mstari

Alhamisi, Mbulu

Hatimaye mstari wa kipimo umeonekana. Mwembamba, lakini upo.

Majuma yote hayo nimezilaumu kingamwili za kupimia, kumbe kosa ni maziwa ya unga tunayopaka kwenye karatasi ya kipimo. Kingamwili zilikuwa zinanata kwenye maziwa badala ya kwenye kimeng'enya ninachotafuta ndani ya seli. Mtoto wa wafugaji, ningeyashuku vipi maziwa? Leo nimepaka albumini, protini ya damu, badala yake.

Nikampigia simu baba, kule kijijini Tumati. Seli ninazopima ni za ng'ombe wake aliyekufa kwa ndigana, ugonjwa unaoletwa na kupe.

"Shikamoo baba. Kinachozikuza seli ovyo nimekiona. Kilifichwa na maziwa tuliyopaka kwenye karatasi."

"Marahaba. Mlikuwa mnamwaga maziwa kwenye karatasi?"

Nilicheka. Yeye hakucheka.

"Dawa itamwahi ndama wake?"

"Sijui, baba."

"Haya, nyie tafuteni. Mimi naendelea kumwogesha dawa ya kupe."