Barua ya Kuuombea Mti

Baraka, Alhamisi, mwezi wa tano, 1956

Ijulikane kwa yeyote atakayelishika daftari hili, mkubwa kwa mdogo, kuanzia Fizi hadi Kazimia: leo, saa tatu asubuhi, mimi karani wa mizani ya pamba nimekalia kiti.

Si kigoda. Si gunia. Kiti cha miguu minne, chenye egemeo na mikono, ndani ya biro, ofisi ya Muzungu wa barabara, na yeye mwenyewe ndiye aliyeniambia nikae. Miaka saba naingia humo, naijua ile sakafu kwa nyayo. Makarani wenzangu waliokuwa dirishani wametazama kama watu walioona mbuzi akisoma gazeti.

Mvua zimekatika. Ziwa limetulia. Upepo unashuka kutoka milimani na haunukii kitu.

Na mwezi huu ulipaswa kunukia. Uani kwa mama mukwe, kando ya njia ya kupanda Fizi, ulisimama mti ambao Warundi huuita muvugangoma, kwa sababu wanachonga ngoma zao humo. Mvua zikiisha ulivaa maua meupe kutoka shingoni hadi utosini. Harufu yake haikukupiga puani kama marashi ya dukani. Ilikuja polepole, ukiitafuta inakimbia, ukiisahau inarudi na kukaa karibu nawe. Maua yalidondokea mikeka ya kuanikia muhogo, na mama mukwe hakuyafagia. Bugali ya mwezi wa tano ilikuwa na harufu ambayo sijaikuta katika nyumba nyingine. Juu, kwenye matawi, ilikaa mizinga minne ya nyuki iliyoachwa na marehemu mume wake.

Mama mukwe simjui uso. Kwetu mukwe na mama mukwe hawatazamani. Miaka kumi na moja namjua kwa sauti, kwa sababu nyua zetu zinatenganishwa na ukuta wa matete, na maneno yetu yote hupitia kwa mke wangu Feza, hata kama tunasikiana vizuri sana.

Mwaka jana, mwezi wa kumi, Muzungu wa barabara alikuja na kamba na kopo la rangi. Akapiga alama nyekundu kwenye shina. Njia itapanuliwa, mti huenda ukaondoka, ataamua.

Jioni ile sauti ikatoka nyuma ya matete.

“Feza, ambia mukwe, ye njo anajua Kifaransa. Aandikie ule Muzungu aache muti ya bwana yangu.”

Kifaransa sikufundishwa na mtu. Nilijifunza katika magazeti ya kufungia sabuni, ndiyo maana najua mwanzo wa habari nyingi na mwisho wa chache. Nilikaa siku tatu na barua ile. Mstari mmoja ungetosha: Bwana, huu ni mti wa mjane, tafadhali uache.

Lakini nilitaka ajue anaandikiwa na nani.

Basi nikaeleza. Kwamba mbao zake ni nyepesi na hazipasuki, hufaa mitumbwi, vinu, milango. Kwamba mchwa huupita kama deni la jirani. Kwamba fundi akizipiga randa hung'aa, na majani yake makavu, kwa jinsi yalivyo na mikwaruzo, hulainisha mpini kuliko msasa. Kwamba nyuki huupenda kuliko miti yote. Nikaongeza kwa mbwembwe: hata bahasha hii, Bwana, imefungwa kwa gundi ya matunda yake. Na kweli nilikuwa nimeifunga hivyo, vidole vilinata hadi kesho yake.

Harufu niliiweka mwisho. Karatasi ikaisha kabla sijaifikia.

Wiki mbili baadaye walikuja watu wanne na msumeno mrefu. Shina likapakiwa kwenye lori. Nyuki walizunguka pale siku mbili, mahali palipokuwa juu na sasa hapana kitu, kisha wakaondoka. Mama mukwe alikamua mizinga iliyoanguka na kuniletea chupa nzima, kwa mkono wa Feza.

“Ambia mukwe asisikitike. Barua yake ilikuwa muzuri. Ni ule Muzungu njo hana masikio.”

Nimekula asali hiyo miezi sita. Kila kijiko nilijilaumu kwa ajili ya Kifaransa changu. Nilidhani hakikutosha.

Leo asubuhi nimeambiwa ukweli, tena kwa heshima.

“Kaa, karani. Iko kiti ya ile muti yako.” Muzungu akapapasa mkono wa kiti kama mtu anayesifu ng'ombe. “Mi nilitaka kuacha ile muti. Halafu mi nasoma barua yako, mi naona, kumbe iko mbao ya maana sana. Bila ile barua, singejua. Asante.”

Meza mbili, viti sita, mlango mmoja. Ndivyo alivyohesabu.

Kumbe Kifaransa changu ni kizuri sana.

Hakuniita kwa ajili ya hayo, hayo yalikuwa ya kupitisha muda. Aliniita nikawatangazie watu kwa Kiswahili kwamba barabara imebadilishwa. Upande wa mlima una mawe, kwa hiyo itapita upande wa ziwa, vigingi vimeshapigwa tangu jana, na hakuna mti hata mmoja utakaokatwa. Nikasema ndiyo Bwana. Alipoinama kutafuta karatasi, nami niliinama, nikanusa mkono wa kiti.

Vanishi.

Nimeenda sokoni, nimetangaza. Nimetafsiri vizuri, hiyo ndiyo kazi yangu. Kwenye maneno “hakuna mti hata mmoja” bamama wauza samaki wamepiga makofi, na mimi nimesubiri wamalize.

Kurudi nyumbani saa sita, Feza alikuwa amesimama mlangoni.

“Mama anauliza: kama barabara inapita kule kwa ziwa, muti yake walikatia nini?”

Nikamwambia nitaulizia.

“Ataulizia wapi?” ikasema sauti nyuma ya matete. Haikunisemesha mimi, iliusemesha ukuta. “Si ametoka kule sasa hivi? Ye njo mutu wa biro.”

“Eh,” Feza akacheka, “munaanza kuzungumuza bila mi?”

Ilikuwa rahisi. Maneno manne: ni kwa sababu yangu. Ukuta ule hauzuii hata kikohozi. Nilifungua mdomo, nikasema bugali imechelewa leo, kisha nikaingia ndani, nikachukua karatasi.

Nimeandika tangu wakati huo, na sasa jua linaelekea milimani. Nakiri hapa kwamba ni barua bora kuliko zote nilizowahi kuandika. Ni ya Kiswahili. Haina mbao, haina vinu. Imeanza na harufu. Baada ya harufu nimeandika kwamba ni mimi niliyemfundisha Muzungu thamani ya ule mti, kwamba bila mimi leo ungekuwa umesimama na maua yake yote, na kwamba asali niliyopewa kwa shukrani sikuistahili. Kwenye chupa vimebaki vidole viwili vya asali. Navirudisha pamoja na barua.

Gundi sikuwa nayo. Nimeifunga kwa uji wa muhogo.

Kesho asubuhi, kabla ya kwenda kwenye mizani, nitampa Feza, Feza atazunguka ukuta, atampa mama yake. Sitahitaji kufungua mdomo. Nimeipanga kazi yote vizuri, na kwa mara ya kwanza tangu mwaka jana nimejisikia kama mtu mwenye moyo.

Mama mukwe hajui kusoma, Feza pia hajui. Barua zao zote nawasomea mimi, kwa sauti, karibu na ukuta.