Magoti ya Bibi na Mtumbwi wa Babu

Mtawanya,
Kibiti, Pwani.
9 Machi 2025.

Mpendwa Mama mdogo Rukaya,

Shikamoo mama. Kabla hujaniuliza, najua: barua yako ilifika tangu mvua za vuli na mimi nikakaa kimya. Nisamehe, si dharau. Nikishika kalamu Zaitun naye anaishika, nikimbembeleza alale ninalala kabla yake. Meno ya juu yanamtoka, basi nyumba nzima tunaumwa meno.

Mnaendeleaje huko Mbozi? Miguu bado inavimba ukisimama sana? Baba mdogo jicho lake limepona? Sisi hatujambo, tunamshukuru Mungu. Baba Zaitun yuko Mafia kwenye ujenzi, anakusalimu. Bibi, mama yako, kifua kinambana asubuhi, jua likipanda anapata nguvu na kuanza kugombana na kuku. Nilimpeleka hospitali Utete. Daktari akasema amalize dawa, na asipigwe na ubaridi hata kidogo.

Nakuandikia badala ya kupiga simu kwa sababu wewe simu unaiweka sauti ya nje, ukweni kote wakasikia. Hili nataka ulisome peke yako kwanza.

Jumapili inayofuata Pasaka kanisa letu la Kibatisti linaadhimisha kuanza kwake huku delta. Mchungaji wetu mpya, Miraji, kaniomba nisimame nieleze historia ya kanisa na wahubiri wake wa mwanzo, kwa kuwa mimi ni mjukuu wa Mwinjilisti Twalibu. Nikaitikia haraka, nikidhani naijua. Mama, siijui. Kila ninayemuuliza ananiongezea giza. Akili yangu sasa ni kama uji uliopikwa na watu wawili, huyu anatia maji, yule anatia unga.

Wanachokubaliana ni hiki. Mwalimu Asajile alikuja Kiongoroni kutoka huko kwenu nyanda za juu, akiwa karani wa boriti za mikoko. Jioni akawa anasoma Biblia kwa sauti kibarazani, watu wakimwita karani wa Yesu. Babu, mchonga mitumbwi, alikwenda kubishana naye. Alibishana mpaka akaokoka. Asajile akampeleka kwao, akamzamisha kwenye mto wa baridi, Babu akarudi anakohoa na kuhubiri. Asajile alipohama, Babu akabaki peke yake na kundi lake dogo.

Hapo ndipo Babu akachonga ule mtumbwi ambao haukuwahi kuvua samaki. Aliuweka nchi kavu, akaujaza maji, na kila aliyeamini akalazwa humo akazamishwa. Nikauliza kwa nini mtumbwi, na mto upo? Bibi anasema ni mamba. Mzee Hemedy, shemasi wetu, anasema si mamba, ni haya: wanawake hawakutaka kutoka majini nguo zimewaganda mbele ya majirani. Yule mama muuza pweza wa Nyamisati, ambaye naye alibatizwa humo, anasema si mamba wala haya, ni maji kupwa. Ukishuka mtoni unazama kwenye tope kabla ya kuzama kwenye wokovu. Sasa mimi nisome ipi?

Hilo lingekuwa dogo. Kubwa ni kwamba watu wa Asajile walikuja baadaye, wakauona mtumbwi, wakasema huo si ubatizo, mtumbwi ni mwembamba, mtu hazami mwili mzima. Kanisa likakatika: watu wa mto huku, watu wa mtumbwi kule. Walikuja kupatana kabla mimi sijazaliwa, lakini inaonekana walipatana kwa kunyamaza. Hakuna aliyejibu swali. Sasa Mchungaji amelifungua. Anasema sherehe haiwezi kuja na jambo hili halijanyooka, hivyo waliobatizwa mtumbwini waingie kwenye birika la saruji nyuma ya kanisa kabla ya Pasaka. Asiyeingia hashiriki meza ya Bwana, na siku yake ikifika kanisa halitamzika.

Mimi nilizamishwa birikani, mimi sina kesi. Kesi ni ya Bibi.

Walimwita kwenye kikao. Mzee Hemedy akasema, "Dada Mwanasiti, mimi nilikuwepo. Magoti yako yalibaki juu kama vigingi." Unamjua mama yako na miguu yake mirefu. Bibi akamgeukia taratibu. "Kumbe siku ile wewe ulikuwa unatazama magoti yangu? Na mume wangu kanishika mgongo, anasali? Ndiyo maana wokovu wako mpaka leo unachechemea!" Watu wakacheka mpaka Mchungaji akainamia meza. Lakini kicheko kilipokwisha, uamuzi ulikuwa palepale.

Usidhani Mchungaji ni mtu mbaya, ningekuwa na nafuu kama angekuwa mbaya. Siku ya kwenda Utete yeye ndiye aliyembeba Bibi mgongoni mpaka barabarani. Nilimwambia, basi Mchungaji, tupashe maji moto, tumzamishe kwenye lile beseni kubwa la kufulia, nyumbani, dirisha limefungwa. Akaanza kucheka. Akasema, "Dada Zawadi, na hilo si mtumbwi tu?" Nikarudi nyumbani nikiwaza kwamba labda ana haki, na nilipomkuta Bibi anasali kwa kupiga yale magoti nikawaza kwamba hana.

Habari ikafika kwa mjomba Bashiru. Akaja toka msikitini, kanzu na kofia, akakaa mkekani. "Shangazi, hao wenzio wakikukataa, sisi tupo. Wewe ni wetu, utazikwa na watu wako." Alisema kwa upendo, hata machozi yalimlenga. Bibi akamwambia, "Ahsante baba. Lakini kwani umeshanipimia sanda? Nina mboga jikoni, ngoja kwanza nile." Tukacheka sote watatu. Alipoondoka Bibi akaniambia anataka kuzikwa kwa nyimbo zile za Babu, na akageukia ukuta.

Sasa nakuja kwako, mama.

Mchungaji amewaambia wazee kwamba wewe ulipoolewa kwenye ukoo wa Mwalimu Asajile ulibatizwa mara ya pili, huko mtoni. Binti wa Twalibu mwenyewe, amesema, alirudia, kwa nini wengine wakatae? Mke wa Mzee Hemedy ndiye aliyeninong'oneza. Bibi hajui. Nimemzibia habari hiyo kila upande, hata kanisani nakaa naye kiti cha mwisho ili tukitoka watu wasimfikie.

Na Bibi, bila kujua, amekutaja wewe kama ngao yake. Anamwambia kila mtu: "Rukaya alikuwa nyuma yangu kwenye mstari siku ile. Rukaya hajarudia, na mimi sirudii. Siku Rukaya akirudia, nitaingia birikani, kifua au bila kifua." Unaona nilipokwama? Birika lile liko kivulini mwa ukuta, maji yake yanauma meno. Akiingia, naogopa alichosema daktari. Asipoingia, atakufa akijiona ametupwa nje ya kanisa alilolipikia tangu likiwa watu watano.

Sikuombi uongo. Wewe ni mama yangu, tangu Mama afariki sina mwingine, na nakupenda. Lakini nakuambia kwa adabu zote: hili usilikimbie. Kama hukurudia, andika hivyo, nitamsomea Mchungaji. Kama ulirudia, andika na sababu. Kurudia kwa kuwatii wakwe ni jambo moja. Kurudia kwa kuona mtumbwi wa baba yako haukutosha ni jambo jingine, na sijui Bibi angeweza kulibeba lipi. Nijualo ni kwamba asilisikie madhabahuni. Alisikie kwako. Mchungaji nimemwambia wazi: akitamka jina lako kabla hujajibu, historia aisome mwenyewe, mimi natoka na Bibi yangu.

Nimechoka, mama. Sijui hata kama wahubiri wale wa mwanzo walijua wanachofanya, au walikuwa kama mimi, wanajaribu na vilivyopo nyumbani.

Nisalimie Baba mdogo, wadogo zangu Saadi na Mwanajuma, na bibi mkwe wako mwambie shikamoo yake nimeituma. Bibi anakusalimu sana, Zaitun anakupungia. Mungu awakinge na baridi ya huko, awape usingizi ambao sisi huku hatuupati.

Ni mimi mwanao nikupendaye, hata nikikukazia,
Zawadi.

Vitu ninavyohitaji bado, utume kwa basi: sweta la Bibi la vifungo mbele, mikono iwe mirefu, kahawa ya kwenu iliyosagwa, pakiti mbili, maharage ya njano kiasi utakachoweza, soksi na kofia ya sufu ya Zaitun, picha ya Mwalimu Asajile iliyoko ukutani kwa mkwe wako, hata ya kupigwa kwa simu na kusafishwa, watu wamwone, na jibu lako, ndiyo au hapana, na sababu yake, kwa mkono wako. Mzigo ukiwa mkubwa punguza maharage. Hata sweta acha, nitamfunika kwa khanga. Jibu usiache.