Boriti ya Chumba cha Kati

Jumatatu, 10 Novemba 1913
Barua ya uhamisho imefika bomani. Jumamosi nipande treni kwenda Tabora mimi na mke wangu Dorkasi. Mnunuzi wa tembe letu, nyumba hii ya paa bapa la udongo, amepatikana: Athuman, mwuza chumvi kutoka Kondoa. Amelizunguka mara mbili, amegonga kuta kwa ngumi, ameridhika. Chumba cha kati atalala mama yake. Jumatano tutaandikishana kwa akida.

Jumanne, 11 Novemba
Saa tisa nimeteremsha rafu ya vitabu, ile iliyoning'inia kwenye boriti kubwa ya chumba cha kati. Nyuma yake boriti ina ufa. Unaingiza vidole viwili.
Nimefungua shajara za nyuma. Novemba 1911: nimeongeza udongo juu ya paa. 1912: nimeongeza. Mwezi uliopita: nimeongeza, halivuji, nimefurahi. Sikutoa hata jembe moja la udongo wa zamani. Nimelilemea mwenyewe — na mvua bado.
Shemeji Matonya, kaka yake Dorkasi, aliyelijenga, anasema Athuman akiuliza nimjibu. Asipouliza, ana macho. Dorkasi akamwambia, basi kalale wewe pale.
Jioni Athuman amepita, tumekunywa uji. Sikusema.

Jumatano, 12 Novemba
Nimesema. Njiani, kabla ya kufika kwa akida.
Athuman amesimama. Akauliza nimejua lini. Jana saa tisa, nikamwambia.
"Na uji tukanywa."
Amegeuka, ameenda zake. Kwa akida hatukufika.
Nyumba haijauzwa, Jumamosi ile pale. Lakini nimekula chakula changu chote leo, na Dorkasi ameniongezea bila kuuliza.

Alhamisi, 13 Novemba
Alfajiri hodi. Athuman, jembe begani, na mama yake nyuma, Bi Mwantum, mkeka kwapani. Nimempa shikamoo. Ameitikia, akaenda moja kwa moja kuitazama boriti, akatoka. Hakuja Dodoma kuzikwa, anasema.
Athuman amepanda juu. Matonya naye — sikumwita. Tangu asubuhi wanashusha udongo.
"Karani, huku juu ulitaka kulima mtama?" Athuman ananiuliza.
"Mwache, bwana. Alisomea Tanga. Tembe hakufundishwa," anasema Matonya.
Wanacheka. Nimecheka nami, nikibeba karai.
Saa sita nimemwuliza Athuman kama ananunua au hanunui. Tumalize udongo kwanza, kasema. Halafu nimwonyeshe mengine yote ninayoyajua, chumba kwa chumba. Nimemwonyesha mlango wa nyuma unaokwama na kona yenye mchwa. Kwa akida hajataja.
Ni saa kumi sasa. Wanatafuta gogo la kutegemeza boriti. Bi Mwantum ametandika mkeka wake uani, mbali na kuta. Sasa hivi amemwuliza Dorkasi kuni huwa tunaokota upande gani.