Kambale Waliotembea

Njeri wangu,

Sisi hapa Riruta tuko salama, kikohozi cha mama yako kimepungua. Umeniuliza kama utie kambale bwawani kabla ya kulizungushia wavu. Uui, usithubutu!

Guka, babu yako, alitia wake hapa hapa, mimi nikiwa bibi arusi mgeni. Mvua ikanyesha, na asubuhi tukawakuta wanatambaa kwenye nyasi. Mama mkwe akashika jembe. "Nyoka!"

Guka akalia, "Mama, usiue, ni samaki!"

"Samaki gani anatembea?"

Kwetu samaki hatukuwa tunakula, sembuse kumwona akitembea! Mpaka leo mwili unanisisimka. Maji walikuwa nayo, chakula pia, na bado walitaka kuondoka.

Weka wavu kwanza, mama. Na wewe huko mbali, unakaa vizuri kweli?

Nyanya yako, Cucu