Alama za Meno

Meknes, Alhamisi

Dada Ghizlane,

Mama hajambo, zeituni ameshazitia chumvi. Jumapili timu yetu inakuja kucheza huko kwenu Fes. Bango la kundi letu la mashabiki nimekabidhiwa mimi, nitalifunga tumboni. Likiporwa, kundi linavunjwa, unajua.

Mwaka jana shabiki wenu mmoja aliyejifunika uso alinipiga nondo za mbavu akilivuta. Sikuliachia. Nilimng'ata mkono mpaka damu ikanijaa mdomoni.

Kwenye akika ya mwanao tulikula sinia moja. Mkononi mwa mumeo Lahsen niliona alama za meno yangu, na pengo langu katikati.

"Aling'atwa na mbwa," ukaniambia, masikini.

Naye akanisogezea nyama. "Kula, shemeji, umekonda."

Nikala kwa ajili yako.

Msalimie. Mwambie mbwa anakuja Jumapili.

Mdogo wako,
Anwar